Lenzi ndefu ya zamani ina ukungu? Jua kwanza ni ukungu gani kabla hujashika bisibisi

Baba mdogo alikuwa anapiga picha za harusi Ujiji enzi za filamu. Alipoacha ile kazi vitu vyake vikapanda juu ya kabati ndani ya begi la ngozi, mvua zikaja zikaisha, kiangazi kikaja kikaisha, mpaka siku moja akaniita akasema mwanangu chukua hivi, mi macho yangu yameshachoka. Ndani kulikuwa na Nikkor ya 200mm f/4, lenzi ndefu ya Nikon, chuma kitupu, nzito mkononi, fokasi ya kuzungusha mwenyewe. Nikaifunga kwenye kamera nikashuka ziwani jioni ileile. Kigoma jua linazama majini upande wa Kongo na ndo picha kila mtu anaitaka, mtumbwi mweusi mbele ya maji yanayowaka. Yangu ikatoka nyeupe nyeupe yote, mtumbwi kijivu, anga kijivu, kama mtu kaichovya kwenye maziwa.

Kila niliyemwonyesha akasema ni ukungu. Sawa, ila kwa Kiswahili chetu neno hilo moja limebeba vitu vitatu. Kuna ukungu wa hewa ule wa kutanda ziwani, kuna ukungu wa kuota kama wa kwenye mkate, yaani fangasi, alafu kuna ukungu wa kwenye kioo kama umekipumulia. Mmoja hauko kwenye lenzi kabisa, mwingine unafutika kwa dakika kumi, na mwingine unaweza kuwa umeshakula kioo na hakuna namna. Baada ya ile ya baba mdogo nimefungua nyingine, zangu na za washkaji wa hapa na mbili zilizokuja kwa treni kutoka Tabora, na nilichokiona ni kwamba nyingi zilizokufa hazikuuliwa na fangasi, ziliuliwa na mtu aliyefungua kabla ya kujua anatafuta nini. Kwa hiyo naandika nikianzia kwenye dalili, bisibisi inakuja mbele huko.

Anza na tochi, lenzi ikiwa nzima

Subiri usiku, zima taa, au umeme ukikatika ndo wakati mzuri kabisa. Toa filta ya mbele kama ipo, maana nimewahi kuletewa lenzi "mbovu" ambayo shida yake yote ilikuwa filta ya zamani yenye mafuta ya vidole na mikwaruzo. Fungua apacha, lile tundu la kupitisha mwanga, mpaka namba ndogo kabisa, kwa hii ni f/4, na kama bledi, vile vibamba vinavyolifunga, bado hazijafunguka sukuma ule ulimi wa nyuma. Shika tochi ya simu nyuma ya lenzi lakini usimulike moja kwa moja, mulika kwa kuinamisha, we ukitazamia mbele. Alafu geuza, tochi mbele jicho nyuma. Vitu ambavyo mchana huvioni kabisa vitatokea vyote.

Usishtuke. Kila lenzi ya miaka 40 ina vumbi ndani, na vumbi kidogo halionekani kwenye picha. Kama ni vumbi tu unaona, punje punje zinazometameta, funga mfuko lala. Nasema hivi kwa msisitizo kwa ndugu zangu wa Tabora ambako vumbi linaingia hadi kwenye chumvi, ukiifungua lenzi kutoa punje kumi utaingiza ishirini.

Ukiona nyuzi nyuzi nyembamba zimetawanyika kama mizizi au kama utando wa buibui, zinaanzia pembeni zinaelekea katikati, hiyo ni fangasi. Ukiona kioo kizima kimefifia sawasawa kama umekipumulia na hakikauki, huo ni mvuke wa mafuta. Ukiona rangi rangi za upinde pembeni ya kioo, kama zile za dizeli ikimwagika juu ya maji pale bandarini, vioo viwili vilivyogundishwa vimeanza kuachana, na hapo kwa nyumbani ishia hapohapo. Gundi ya vioo vya zamani mara nyingi ni utomvu wa mti, kuitoa na kurudisha vioo vikae katikati sawasawa si kazi ya mezani kwako. Kama uachanaji uko pembeni tu, itumie hivyohivyo.

Ukishaona doa lako, tafuta liko kwenye kioo kipi. Inamisha lenzi taratibu kushoto kulia huku unalitazama, linganisha linavyotembea na zile bledi za apacha, ukiona linaonekana kubwa na karibu ukitazama kwa mbele basi liko kundi la mbele. Hii ni muhimu kwa sababu lenzi ndefu ya kweli, ile ya telefoto, imejengwa kwa kundi la vioo vya kukusanya mwanga mbele na kundi la vioo vya kutawanya nyuma, ndo maana inakuwa fupi kuliko zile milimita zake 200, na katikati hapo kuna hewa tupu ndefu. Kwa hiyo shida nyingi unazimaliza kwa kufungua upande mmoja tu bila kugusa katikati. Zumu za zamani, lenzi za kuvuta na kurudisha zile 70-210, ni habari nyingine, vioo vingi, mikanda, vibandiko, mtu anayeanza asiziguse.

Picha nyeupe nyeupe, nyeusi haikolei

Kabla hujailaumu lenzi, ilaumu hewa. Kiangazi hapa kwetu, mwezi wa saba wa nane, moshi wa mapori yanayochomwa unakaa juu ya ziwa hadi milima ya Kongo haionekani kabisa, sasa mtu anapiga kwa 200mm kuelekea hukohuko alafu anasema lenzi ina ukungu. Lenzi ndefu inavuta hewa yote iliyopo katikati, na mchana wa jua kali hewa inacheza juu ya mchanga, picha inakuwa laini hata lenzi ingekuwa imetoka dukani leo. Jaribu hivi: weka kitu cheusi, mfano kitambaa cha kanzu nyeusi au tairi, mita 5 kutoka kwako, kivulini, piga. Alafu piga hichohicho kukiwa na anga jeupe nyuma yake. Kama ya kwanza iko sawa na ya pili imejaa maziwa, lenzi ina kitu ndani. Kama zote mbili ziko sawa, lenzi ni nzima na kilichokuwepo ziwani ni moshi.

Na kama unaona madoa meusi yasiyohama, yapo sehemu ileile kila picha, yanatokea ukifunga f/16 na yanapotea ukifungua f/4, hayo ni vumbi kwenye sensa ya kamera, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu. Weka lenzi nyingine, ukiyaona tena umepata jibu.

Mvuke wa mafuta unatoka wapi? Thredi za fokasi, ile mizunguko kama ya skrubu inayosogeza vioo, zinapakwa grisi kiwandani, na grisi ikizeeka mafuta yake yanajitenga, joto likiwa kali yanapanda kama mvuke na kutua kwenye vioo, hasa vile vinavyotazamana na apacha. Ya baba mdogo ilikuwa na vyote viwili, mvuke kwenye kundi la nyuma na fangasi kwenye la mbele. Mvuke ndo rahisi. Kundi la nyuma kwa lenzi nyingi linatoka zima zima kwa kuzungusha, unalishika kwa spana ya miguu miwili kwenye zile tundu au nafasi mbili za ringi, linakuja kama balbu. Pamba na spiriti, futa, tazama kwa tochi, futa tena.

Kuhusu spiriti nisisitize. Unayotaka ni isopropili 99%, ya 70% ina maji mengi inaacha alama ikikauka. Ile spiriti ya rangi ya zambarau ya kuwashia jiko usitumie kwenye kioo, ina rangi na vitu vingine vinabaki. Na pamba ilowe kidogo tu usichovye, spiriti ikizidi inatembea mpaka ukingoni mwa kioo ambako kuna rangi nyeusi iliyopakwa makusudi kuzuia mwanga kugongagonga, ukiiyeyusha hiyo inaingia kwenye kioo na umejiongezea kazi.

Fangasi

Hii ndo ugonjwa wa kwetu wa ziwani. Lenzi za Tabora zilizonifikia zilikuwa na mafuta kwenye bledi na vumbi, za Kigoma zinakuja na fangasi. Mshkaji wangu mmoja anayepeleka wageni Gombe, boti inatokea Kibirizi, maji yanaruka, msituni kwenyewe kuna unyevu, alafu anarudi anafunga kamera kwenye begi likiwa bado bichi, lenzi zake mbili ziliota ndani ya msimu mmoja wa mvua. Fangasi anataka unyevu, hewa ikikaa juu ya 60 au 70% kwa muda mrefu, na anataka chakula, na chakula chake ni vumbi na mafuta kidogo yaliyopo humo ndani. Mbegu zake ziko hewani kila mahali kwa hiyo usiogope kuweka lenzi yenye fangasi karibu na nyingine, ogopa kuziweka zote mahali penye unyevu. Begi la ngozi ndo baya kuliko yote, ngozi inanyonya unyevu na yenyewe inaota.

Kuna ushauri wa kuianika lenzi juani ili fangasi afe. Kioo chenyewe kinazuia sehemu kubwa ya ile miale inayoua, uchafu wake unabaki palepale hata akifa, na lenzi ya 200mm ikitazama jua inaweza kuunguza kitu kilicho nyuma yake. Tena lile joto ndo linazidi kuachia mafuta ya grisi. Usianike.

Vifaa. Bisibisi kwanza. Lenzi za Japani zina skrubu za nyota za kipimo cha kwao, zinafanana na za kawaida lakini pembe zake si zilezile, ukitumia bisibisi ya nyota ya kawaida inateleza na kula kichwa cha skrubu, na skrubu ikishaliwa kichwa umekwama. Tafuta bisibisi za kipimo cha Kijapani, wauza vifaa vya drone na pikipiki za rimoti huwa wanazo. Pili spana ya miguu miwili ya kufungulia ringi. Usitumie mkasi wala koleo. Lenzi ya jirani yangu ilipelekwa kwa fundi mji mwingine, ikarudi na mkwaruzo umetoka ukingoni hadi katikati ya kioo, koleo iliteleza, na kioo cha mbele kilikuwa safi kabisa kabla ya hapo. Iliniuma sana ile kwa sababu shida ya lenzi ilikuwa bledi tu.

Ringi ya mbele kabisa, ile yenye jina la lenzi, mara nyingi haina tundu, inatoka kwa msuguano. Hapa tunatumia mpira. Chukua kikombe au kopo ambalo mdomo wake unalingana na ringi, valisha kipande cha tyubu ya baiskeli, kandamiza, zungusha kinyume na saa. Soli ya kandambili iliyokatwa duara nayo inafanya kazi vizuri tu, ila ikate tundu katikati isiguse kioo. Ikigoma usiongeze nguvu, angalia kama kuna viskrubu vidogo sana pembeni vinaizuia, na mara nyingi viwandani waliviwekea tone la vanishi. Tone moja la asitoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kwa ncha ya sindano, subiri dakika kadhaa. Ncha ya sindano nimesema, asitoni ikimwagika inakula rangi ya namba na plastiki.

Fanya asubuhi mapema kabla watu hawajaanza kufagia uwanja. Mi nalowesha sakafu kidogo, nafunga dirisha, natandika taulo jeupe lisilotoa manyoya, na pembeni naweka trei ya mayai. Kila kinachotoka kinaingia kwenye shimo lake kwa mpangilio, shimo la kwanza ringi ya jina, la pili ringi ya kubana, la tatu skrubu tatu za hapa, na kabla ya kila hatua napiga picha kwa simu. Kioo kikitoka tu, kabla ya kukifuta, chora kwa penseli mshale ukingoni unaoonyesha upande wa mbele. Vioo vingi pande zake mbili zinafanana ukitazama haraka, na mara ya kwanza mimi sikuchora, nikarudisha kioo kimegeuka, nikakaa siku mbili nadhani nimeharibu lenzi ya mzee. Kama ukishakusanya picha zote ni laini na kila kitu cheupe kina mwanga wa kuvuja pembeni, kioo kimegeuka, fungua tena.

Sasa kufuta. Puliza kwanza, ile pampu ya mpira ya kunyonyea mafua ya mtoto ni nzuri, kwa mdomo usipulize, mate yanaruka. Lowesha pamba au karatasi ya lenzi na haidrojeni peroksaidi 3%, ile ya kuoshea vidonda ya duka la dawa, ilaze juu ya fangasi dakika chache, alafu futa kwa kuzunguka kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza, kila mzunguko pamba mpya. Pamba ileile ukiirudisha unasugua kioo kwa mchanga. Malizia na isopropili. Wengine wanachanganya peroksaidi na amonia nusu kwa nusu, inafanya kazi kwa fangasi sugu, ila fungua dirisha, isikae muda mrefu, na kamwe usiwe na dawa ya klorini ya kufulia karibu, klorini na amonia zikikutana zinatoa hewa ya sumu.

Dawa ya meno, hapana. Majivu, hapana. Nimeulizwa yote mawili. Lenzi ina koti jembamba mno juu ya kioo, ule mng'ao wa zambarau au wa kahawia, na vitu hivyo vinalitoa.

Baada ya kufuta kipumulie kioo taratibu bila kupuliza, utazame mvuke unavyoondoka. Kama nyuzi zilezile zinajitokeza kwa sekunde mbili alafu zinapotea, fangasi hayupo tena ila tindikali yake imeshachora koti. Hiyo haitoki, usiendelee kusugua.

Ukipiga f/4 sawa, ukipiga f/11 mwanga unazidi

Mtu analeta kamera anasema inapima mwanga vibaya. Weka apacha f/16, tazama mbele, sukuma ulimi wa nyuma uachie. Bledi zinatakiwa zirudi papo hapo, kufumba na kufumbua. Zikirudi kwa uvivu, au zikisimama nusu, zina mafuta, na kamera inapiga kabla hazijafunga ndo maana f/4 iko sawa na f/11 imeungua. Utaona pia mng'ao wa unyevu kwenye bledi, zinatakiwa ziwe kavu kama karatasi.

Mafuta hayo ni yaleyale ya grisi ya fokasi. Wazee wa Kigoma wanaijua habari ya meli ya Liemba, kwamba Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 walizipaka injini zake grisi nene kwanza, Waingereza wakaiibua 1924 na mwaka 1927 ikaanza tena safari, kwa hiyo grisi inalinda kweli, lakini injini ya meli na bledi ya lenzi havifanani. Bledi hazitaki mafuta hata tone.

Toa kundi la mbele na la nyuma, sasa bledi ziko wazi pande zote. Chukua mafuta ya laita, zile laita za utambi, chovya pamba ya masikio, pangusa bledi, cheza ulimi mara kumi, acha ikauke, rudia. Mara ya kwanza zitaonekana nzuri alafu baada ya nusu saa zinanata tena kwa sababu mafuta yalikuwa yamejificha katikati ya bledi. Mi huwa narudia mara nne au tano. Mafuta ya taa usitumie, yanakauka na kuacha mafuta mengine. Petroli ya kwenye pikipiki nayo ina vitu vinavyobaki. Vile vipulizio vya kulainisha kutu usivisogeze hata karibu. Na kwa kuwa mafuta ya laita yanawaka haraka, umeme ukikatika katikati ya kazi tumia tochi, usiwashe mshumaa wala kibatari. Bledi usizitoe moja moja, kuzipanga upya ni kazi ya siku nzima na zinapinda.

Ringi ya fokasi ngumu

Ikiwa ngumu lakini inazunguka, izungushe tu. Kweli. Kaa nayo jioni ukiwa unaangalia mpira, mwanzo mwisho mara mia, grisi iliyolala inasambaa na mara nyingi inatosha kabisa kwa matumizi.

Ikiwa imeganda kabisa ndo unaingia kwenye thredi, na hapa ndo watu wanapotea, kwa hiyo soma taratibu. Thredi za fokasi si kama za nati ya kawaida yenye mlango mmoja. Zina milango mingi, yaani sehemu nyingi ambazo zinaweza kuingia, na ni mlango mmoja tu ulio sahihi. Ukiingiza kwa mlango wa jirani lenzi itazunguka vizuri, itapendeza, na haitaona mbali. Kabla ya kutenganisha weka ringi kwenye alama ya mbali kabisa, ile nane iliyolala, chora mstari mmoja unaopita vipande vyote, pima kwa kalipa, kile kipimo cha milimita cha mafundi, kipande kimezama milimita ngapi. Alafu zungusha polepole sana ukiwa umeshika kwa hisia, kuna pahali utasikia vimeachana, simama, chora alama hapohapo pande zote mbili. Alama hiyo ya kuachana ndo ya kuingilia. Safisha kwa mafuta ya laita na mswaki laini, paka grisi maalumu ya lenzi nyembamba mno. Grisi ya bearingi za baiskeli ni nzito na ndo itakayokuletea mvuke mwingine kwenye vioo.

Umeshaikusanya na sasa haioni mbali

Nenda sehemu ya wazi, elekeza kwenye taa za mnara zilizo kilomita kadhaa, au mwezi, au ng'ambo ya ziwa kama kumekucha safi. Mti wa mita 20 hautoshi kwa 200mm. Tazama kwa skrini ya kamera ukiwa umevuta mara kumi. Kama inafika shapu kidogo kabla ya alama ya nane iliyolala, hiyo haina shida. Kama inagota mwisho na bado ni laini, vioo viko mbali mno na sensa, na sababu ni chache tu: ringi haijakaa chini vizuri, au kuna uchafu umebanwa chini yake, au zile pete nyembamba za shaba za chini ya sehemu ya nyuma hazijarudi zilivyokuwa, au mlango wa thredi sio.

Ila kama hujaifungua kabisa na haioni mbali, angalia adapta kwanza, ile ringi ya kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine. Lenzi za skrubu za M42, zile Pentacon na Jupiter na Takumar, zinataka ziwe milimita 45.46 kutoka kwenye filamu au sensa. Kamera za Nikon zenye kioo cha kuakisi ndani, zile DSLR, zina 46.5. Hapo hata adapta ingekuwa na unene sifuri lenzi iko mbali tayari, haiwezi kuona mbali bila adapta yenye kioo cha lenzi ndani yake. Kwenye Canon EF ni 44, adapta nyembamba inaingia vizuri. Nimemwona mtu kafungua Pentacon mpaka mwisho akitafuta ugonjwa ambao ulikuwa kwenye hesabu hiyo. Na hizi Nikkor za zamani kwenye Nikon ndogo za D3000 na D5000 kamera haitapima mwanga kabisa, ni tabia yake, weka M, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe, upige kwa kukadiria.

Upande mmoja shapu mwingine laini

Kioo kimekaa upande. Legeza ringi ya kubana, weka lenzi ikitazama juu, gonga ubavuni kwa kidole, kioo kinatakiwa kishuke chenyewe kwa uzito wake. Kikikwama usikisukume kwa chini, kiinue kwa mpira wa kunyonya uanze upya. Ringi ikaze mpaka isimame, basi, ukiikaza sana inabana kioo.

Pa kuiweka

Kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, silika jeli ndani, na kale kasaa ka kupimia unyevu kakae 40 hadi 50%. Zile pakiti za kwenye maboksi ya viatu zinachoka haraka, tafuta za punje za rangi ya machungwa, zikigeuka kijani zikaushe kwenye oveni kama digrii 110 mpaka rangi irudi. Mchele usiweke, una unga. Na lenzi ikitoka ziwani iache kwanza mezani ikauke ndo uifunge.

Ya baba mdogo nilipeleka tena ufukweni mwezi uliofuata, jua likiwa palepale. Mtumbwi ulitoka mweusi. Fangasi ilikuwa imechora koti pembeni kulia ya kioo cha mbele, nyuzi tatu hivi, na jua likiingia kwa pembe ile tu kunatokea wingu dogo kwenye kona ya picha, kwa hiyo nikiwa na lenzi ile nasimama nikiwa nimelipeleka jua kushoto.